Kabla ya Kushuka Relini, Mjue Anayekulinda

Juzi msomaji mmoja anayebeba vifaa usiku katika reli za chini ya ardhi za London aliniuliza kama asomee kazi ya mkuu wa ulinzi, yaani anayewalinda mafundi dhidi ya umeme wa reli, au aendelee kutafuta zamu. Nilimjibu asome, na najua wengi wenu mna shauku hiyohiyo.

Umeme wa huku haupiti juu kwenye nyaya, kama ule wa volti 25,000 unaoendesha treni za SGR kutoka Dar es Salaam. Unapita katika reli mbili za ziada zilizo jirani na miguu yako, moja kando na nyingine katikati, kwa volti 630 katika njia nyingi. Kazi hufanywa treni ya mwisho ikishapita, kwa muda wa saa nne hivi. Mkuu wa ulinzi ndiye anayepokea uthibitisho kwamba umeme umezimwa, akahakikisha mwenyewe kwa kifaa chake, ndipo watu washuke. Msimamizi wa kazi huwaongoza mafundi wakiwa chini. Dhima hizi mbili zisichanganywe.

Nilipopata cheti changu cha mkuu wa ulinzi nilikuwa mgeni kwa mkandarasi mmoja. Usiku mmoja uthibitisho ulichelewa, na msimamizi, aliyenizidi miaka mingi kazini, akataka vijana waanze kushusha vifaa kwa kuwa treni zilikuwa zimekwisha, kana kwamba kukosekana kwa treni ni kukosekana kwa umeme. Nilikataa. Akaniita mwoga mbele ya gengi zima, na baadaye zamu zangu zikapungua. Hata leo linaniuma, hasa kwa sababu waliocheka ndio niliokuwa nawalinda. Hata hivyo hakuna aliyeshuka mpaka niliporuhusu, na hilo najivunia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kila usiku ulizeni mkuu wa ulinzi ni nani. Akibadilishwa, ulizeni tena. Asipojulikana, msishuke, hata anayewaamuru awe ndiye anayepanga zamu. Mwenye watoto nyumbani hana sababu ya kuona haya kuuliza.

Nawe uliyeniandikia, kilichonisumbua zaidi katika mafunzo kilikuwa mazungumzo ya simu na chumba cha udhibiti, ambako ujumbe unaopewa lazima uurudie ulivyo. Jizoeze kwa Kiingereza, kwa sauti, ukianza na majina ya stesheni na namba.