Maswali na majibu: lebo zako za notmuch (programu ya kutafuta na kupanga barua pepe kwa lebo) ziko wapi hasa?

Nimenakili barua zangu zote kwenye diski ya nje. Lebo si zimekwenda pamoja nazo? (Kisumu)

Inategemea ulivyonakili. Lebo hazikai ndani ya barua. Zinakaa kwenye hifadhidata ya Xapian (injini ya utafutaji ambayo notmuch huitumia), katika folda `.notmuch`, ambayo kwa kawaida iko humo humo kwenye folda ya barua. Kama uliandika `cp -r Mail/*`, umeiacha, maana nyota haigusi majina yanayoanza na nukta. Hata ukiichukua, hifadhidata iliyonakiliwa huku ikiandikwa si ya kutegemewa. Tumia hii:

`notmuch dump --gzip --output=lebo.gz`

Hapo ndipo una bakapu ya lebo. Ya barua ni kazi nyingine, usizichanganye.

Kwenye laptopu mpya nimerejesha lebo, nikapata maonyo chungu nzima kwamba barua hazipo. (Nakuru)

`notmuch new` (inayoingiza barua kwenye hifadhidata) kwanza, `notmuch restore` (inayorejesha lebo) baadaye. Nimeshalijibu hili, na nitazidi kulijibu hadi mtu asome maonyo kabla ya kuniandikia.

Je, nifungue faili ya gz kwanza? (Bungoma)

Hapana. `restore` huitambua yenyewe.

Nilirejesha bakapu ya mwezi uliopita, lebo nilizoweka juzi kwenye barua za zamani zikafutika. (Kakamega)

Ndivyo inavyofanya kazi. Kila barua iliyotajwa kwenye faili hupewa lebo za faili hiyo tu, nyingine zinaondolewa, isiyotajwa haiguswi. Ungeongeza `--accumulate`, za zamani zingejumlishwa na za sasa.

Lakini msikimbilie `--accumulate` kila mahali. Kwenye mashine mpya, `notmuch new` kwa mipangilio ya kawaida huzipa barua zote `inbox`, na zisizo na alama ya kusomwa `unread` pia. Ukijumlisha juu ya hizo, barua ulizomaliza nazo zamani zitarudi kukukodolea macho. Mashine mpya, rejesha bila `--accumulate`. Mashine inayotumika, piga `dump` ya hali ya sasa kwanza, ndipo uamue.

Amri ya `dump` yenye `date +%F` (tarehe kwenye jina la faili) inakubali kwenye terminali, kwenye cron (inayoendesha amri kwa ratiba) haitoi faili. (Eldoret)

Ndani ya crontab (faili ya ratiba ya cron) alama ya asilimia ina maana yake. Andika `\%F`. Na nakuomba faili hiyo isilale kwenye diski ile ile yenye barua. Stima zetu mnazijua: zikirudi kwa kishindo hazichagui folda. Ipeleke kwenye mashine nyingine, kisha siku moja ujaribu kuirejesha kabla hujaihitaji. Wengi wenu mna bakapu ambazo hazijawahi kufunguliwa.

Naweza kuiweka faili ya lebo kwenye git (hifadhi ya pamoja ya mafaili) ya ofisi? (Kisumu)

Maneno ya barua hayamo. Yaliyomo hasa ni Message-ID (kitambulisho cha kila barua), ambayo mara nyingi hubeba jina la seva iliyotuma, na majina ya lebo zako. Kama una lebo inayoitwa `mkopo`, `wakili` au `kazi-mpya`, bosi wako hahitaji kusoma barua.