Vumbi la kahawia chini ya vipepeo waliohifadhiwa

Swali: Mtaalamu, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Kasarani, Nairobi, na kwa miaka mingi nimehifadhi vipepeo na nondo katika masanduku ya mbao. Siku hizi naona vumbi la kahawia chini ya baadhi yao, na wengine wameliwa matumbo, ingawa vidonge vya nafthalini bado vimo. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, hiyo ni kazi ya mabuu wa mbawakawa wadogo wa jenasi ya Anthrenus, na vumbi hilo ni kinyesi chao pamoja na mabaki ya walichokula. Gonga sanduku taratibu juu ya karatasi nyeupe, kisha utazame kwa kioo cha kukuzia: utaona maganda mepesi yenye vinyweleo, ambayo buu huyavua kadiri anavyokua, na huenda ukamkuta buu mwenyewe, mwenye urefu wa milimita chache tu. Nafthalini husaidia kuwazuia wasiingie, lakini si ya kutegemewa kuwaua waliokwisha kujichimbia ndani ya mwili wa kipepeo.

Tiba ni baridi kali. Toa vidonge vyote, fungia sanduku zima ndani ya nailoni nzito, ziba kingo kwa utepe wa gundi, kisha uliweke kwenye friza, katika nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, kwa wiki 2. Ukilitoa, usifungue nailoni hadi kesho yake, kwa sababu hewa yenye unyevu ikigusa mbawa zilizo baridi huziachia maji, na baada ya maji huja ukungu. Lirudishe kwa wiki nyingine moja.

Tumbo lililoanguka usilitupe, kwani nondo wengi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vilivyo kwenye ncha yake. Litie katika kapsuli tupu ya dawa na uichome kwenye pini ya nondo huyohuyo, ila kama hujui ni la nani, usibahatishe. Wala usitenganishe pini na lebo yake hata kwa dakika moja. Viwanja ulikowakamata miaka hiyo huenda leo vimejaa majumba, na lebo yenye mahali, tarehe na jina lako ndiyo ushahidi kwamba spishi hiyo iliishi Kasarani.

Mbawakawa mzima hula chavua na huingia kupitia dirishani, kwa hiyo chombo cha maua kisikae chumba kimoja na masanduku, na kifuniko chochote kinachopitisha hata ukurasa wa daftari kibadilishwe.