Vidonge vya akili si kilevi

Mhariri, swali lenu la juma hili, kama mraibu aliyemaliza miezi minne ya soba hausi, nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, ahesabiwe kuwa amepona, limenigusa kwa sababu mimi niliimaliza miezi hiyo nikapigiwa makofi, na juma la tatu baada ya kurudi kwetu Makorora, hapa Tanga, nikaziba dirisha la chumba changu kwa godoro, nikiamini kwamba majirani wananisikiliza.

Nilikuwa dereva wa lori la usiku. Mirungi nilianza kuila ili nisisinzie njiani, kisha nikawa naila hata siku za mapumziko, tangu alasiri hadi adhana ya alfajiri, pamoja na jojo na soda. Kilichomo katika majani yale, kathinoni, huuchangamsha ubongo kwa namna inayokaribiana na amfetamini, dawa ya kusisimua, nacho hupungua nguvu jani likinyauka, ndiyo maana wauzaji huyafunga kwa majani ya mgomba na kuyakimbiza sokoni. Anayeila kwa wingi huku akikesha usiku baada ya usiku anaweza kufikia kusikia sauti na kuwashuku hata ndugu zake. Kwa wengi hali hiyo hutulia wakiacha na kulala; kwa wengine, nami nimo, hubaki na kudai tiba yake.

Nyumba niliyopelekwa, ambayo sitaitaja, ilinipa ratiba, vikao na wenzangu walionisikiliza bila kunicheka, na kwa hayo nawashukuru. Lakini vidonge nilivyoandikiwa na daktari wa magonjwa ya akili waliniachisha siku ya kwanza, wakisema kwamba aliyekusudia kuwa msafi hamezi chochote. Hapo ndipo waliponiumiza. Mirungi haina dawa mbadala, kama methadoni iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 kwa watumiaji wa heroini, kwa hiyo uraibu wenyewe hutibiwa kwa ushauri, vikao na mazoea mapya. Ugonjwa wa akili, hata hivyo, una dawa zake, na kumnyima mgonjwa dawa hizo ni kumtibu nusu. Inanisikitisha zaidi kwamba hayo yalitokea katika mkoa wetu, ambako kule Lutindi, wilayani Korogwe, wagonjwa wa akili wanatunzwa tangu mwaka 1904, na kazi za mikono huenda pamoja na matibabu.

Jibu langu, basi, ni hapana. Baada ya kurudishiwa vidonge nilipitia miezi ya sonona nzito, nisione ladha ya chakula wala maana ya kuamka, na hakuna aliyekuwa amenionya kwamba aliyeacha mirungi anaweza kuipitia. Mama alikaa nami. Mwaka huu ni wa tatu; nashona nyavu Sahare, nahudhuria kliniki kila mwezi, na vikao vya Jumamosi sijaviacha.