Kikao cha kuacha pombe atakipata wapi?

SWALI: Mhariri, mume wangu, fundi wa magari hapa Kondele, Kisumu, amekubali kuacha chang'aa, ila anaogopa wateja wake wasimwone akiingia kwenye kikao cha waraibu. Aanzie wapi?

JIBU: Mama, aanze kwa daktari, kwa kuwa mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupatwa na degedege. Kisha apige 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, aulizie vikao vilivyo karibu. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya waraibu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, havitozi ada wala havidai jina la ukoo. Sharti la pekee ni nia ya kuacha pombe. Aulize mapema kama kikao ni cha wazi, ambacho hata wewe waweza kuhudhuria, au ni cha waraibu peke yao. Kuhusu wateja, atakayemkuta humo huenda naye amefuata lilelile, na wanaohudhuria huombwa wasiyatoe nje yaliyosemwa. Akizidi kuona haya, vipo vikao vya mtandaoni, ingawa kwa maoni yangu mgeni hufaidi zaidi akiketi ana kwa ana na aliyekwisha kuipita njia hiyo. Nawe ulizia Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi.