Kutoa kopi vitabu vya dini na kuuza PDF, hela yake halali?

SWALI: Asalaam aleikum shekh. Mi nina stationery hapa Tanga karibu na chuo, watu wananiletea kitabu cha dini wanataka nikitoe kopi kizima nipige na spiral, halafu kuna PDF za tafsiri ya Qur'ani nimedaunilodi naprinti nauza. Jamaa mmoja kasema haramu, mwingine kasema elimu ya dini haina mwenyewe. Na hela nilizokwisha kula je?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Huyo wa pili kachanganya mambo. Elimu ni ya Allah, ukisoma kitabu ukaenda kufundisha yaliyomo hakuna wa kukudai, tena kuificha ndo dhambi. Ila kile kitabu mtu kakaa miaka anatafsiri, kalipa wa kutaipu, kalipa kiwanda, pengine kakopa, we unakilaza kwenye mashine unauza nusu bei na vya kwake vinakaa dukani havina mteja, hapo umekula jasho la mtu. Na Allah katukataza kuliana mali kwa batili, Suratun Nisaa aya ya 29.

Utasikia enzi za masahaba hakukuwa na hakimiliki. Kweli, na wapo maulamaa, hasa Mahanafi (wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa), waliosema haki ya kutunga si mali kwa vile haishikiki mkononi. Lakini sie huku pwani wengi wetu Mashafii, wafuasi wa Imam Shafii, kwetu manfaa, yaani faida ya kutumia kitu, nayo ni mali, ndo maana unalipa kodi ya chumba na chumba si chako. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni wa sharia, ilipokutana Kuwait Desemba 1988 ilishapitisha kwamba haki za mtunzi zinalindwa kisharia na haijuzu kuziingilia. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara nayo, ile ya 1999, inampa mwandishi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliyefariki 1982 bado iko ndani ya muda. Aya za Kiarabu hazina hati ya mtu, na Imam Nawawi kafa karne ya 7 Hijria, maneno yake chapa utakavyo, ila zile tanbihi chini ya ukurasa za mhakiki, yaani aliyekipitia na kukisahihisha kitabu siku hizi, ni za mhakiki, usizibebe.

Hizo PDF fungua kurasa za mwanzo usome, watu huwa hawasomi pale. Nyingi zimeandikwa ruksa kugawa bure, hairuhusiwi kuuza. Mtume (s.a.w) kasema Waislamu wako kwenye masharti yao, yaani sharti mlilowekeana litimizwe, basi mteja mchaji karatasi, wino na kazi ya mkono wako kama unavyomchaji anayeprinti barua, usiweke bei ya kitabu juu yake.

Mwanafunzi akitaka kurasa kadhaa za kusomea mwenyewe mtolee, sheria yenyewe imeacha nafasi hiyo. Kitabu kizima ambacho madukani kipo, mwambie akanunue, hata akinuna.

Hela za nyuma, ujira wa mashine ni wako. Kilichozidi, yaani faida ya kuuza kitabu kama kitabu, mtafute mwenyewe au warithi wake uwape au wakusamehe, ukishindwa kabisa kuwapata kitoe sadaka kwa niaba yao. Na zile kopi zilizobaki kwenye shelfu usiuze kwanza, mpigie mchapishaji, namba yake mara nyingi ipo ukurasa wa pili, wengine ukiwaomba wanakupa ruhusa au wanakufanya wakala wao hapo Tanga.

Wallahu aalam.