Shangazi, mke wangu amenianika mbele ya daktari wa usingizi

"Shangazi, nina miaka 47 na ninaishi Morogoro. Jiwe la milimita 9 limekwama kwenye mrija unaoshuka kutoka figo ya kushoto, karibu na kibofu, na litavunjwa kwa leza kwa kupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo. Nilipewa nafasi ya kuchagua kati ya usingizi kamili na sindano ya ganzi mgongoni. Nilichagua usingizi, kwa kuwa rafiki zangu wanasema ile sindano humharibia mwanamume mgongo na mambo mengine. Mke wangu akadakia kwamba navuta sigara na kwamba nakoroma hadi pumzi zinakatika. Nimeahirisha upasuaji mara mbili. Nifanyeje asiingie tena kwa daktari?"

Mwanangu, pole kwa maumivu, maana jiwe lililokwama humgaragaza hata jasiri. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona mahali ulipokanusha hata neno moja alilolisema mkeo. Umelalamika kwamba amesema, hukulalamika kwamba ameongopa. Mwanamke huyo hakukuanika. Alijibu maswali ambayo daktari wa usingizi humuuliza kila mgonjwa, na ambayo naamini wewe uliyanyamazia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilivyokuelewa, kinachokusumbua si mkeo, bali ni hayo "mambo mengine" uliyoyapita haraka. Unaogopa kupoteza nguvu za kiume. Basi fahamu kwamba sindano hiyo huchomwa sehemu ya chini ya mgongo, chini ya pale uti wa mgongo wa mtu mzima unapoishia, na ganzi yake hudumu saa chache tu, kisha miguu na vyote vilivyo chini ya kiuno hurudia hali yake. Inaweza kushusha shinikizo la damu wakati wa upasuaji, jambo ambalo daktari hulifuatilia na kulirekebisha, na wachache hupata maumivu ya kichwa yanayozidi wakikaa na kupungua wakilala, nayo hutibika. Madhara ya kudumu kwenye mishipa ya fahamu ni nadra sana. Kinachodhoofisha nguvu za kiume ni sigara unayoificha, kwa kuwa huharibu mishipa ya damu inayozitegemeza.

Usingizi kamili nao si adui, na watu wengi huupitia salama. Lakini mtu ambaye pumzi humkatika akilala huhitaji uangalizi wa pekee, kwa kuwa dawa za usingizi hulegeza koo lake, na masalia yake pamoja na dawa kali za maumivu huweza kumbana pumzi hata baada ya kuamshwa. Kifua cha mvutaji nacho huongeza kikohozi na makohozi. Daktari asiyeambiwa hayo hujiandaa kwa mgonjwa mwingine kabisa. Kwa hiyo mkeo yuko sahihi, nami nipo upande wake. Daktari akiona njia zote mbili zinakufaa, chagua ganzi. Hata hivyo, ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una maambukizi mahali pa kuchomwa sindano, huenda akakukatalia, na hapo utii neno lake.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha kwa jambo hili hasa, kwamba mwanamume humwamini mwenzake wa kijiweni asiyejua analala vipi, huku akimfukuza chumbani kwa daktari yule anayekesha akihesabu pumzi zake. Hapana, sitakufundisha namna ya kumzuia. Nenda naye wiki hii, mwambie daktari idadi halisi ya sigara unazovuta kwa siku, na dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Acha sigara leo, na siku ya upasuaji ufuate masharti ya kufunga kama utakavyoelekezwa.

Usiahirishe kwa mara ya tatu, kwa kuwa figo iliyozibwa muda mrefu huweza kuharibika moja kwa moja. Na kabla ya tarehe hiyo, ukipata homa na kutetemeka, au mkojo ukakatika, mwamshe mkeo mwende hospitali usiku huohuo, kwa maana maambukizi yaliyo nyuma ya jiwe huweza kuua kabla hakujapambazuka.