Jibu: Kuunganisha ndege kwa tiketi mbili kipindi cha korona

Ndugu, kwa nilivyokuelewa, unakwenda Marekani kwa tiketi mbili tofauti, katikati utasubiri kwa muda wa saa 9, na unauliza kama masharti ya nchi ya katikati yanakuhusu wakati hutatoka uwanjani.

Tatizo lako liko kwenye tiketi. Kwa tiketi moja, begi kwa kawaida hupitilizwa hadi mwisho wa safari. Kwa mbili, mara nyingi utapita uhamiaji, ulichukue mwenyewe na kujiandikisha upya. Hapo umeshaingia nchini mwao: viza inakuhusu, na wakati wa korona hata kipimo, fomu na karantini vilihusika. Piga simu mashirika yote mawili, uulize begi litaishia wapi.

Kipimo cha korona nacho kilikuwa na mtego. Kuanzia Desemba 6, 2021 hadi Juni 2022, sharti lilipofutwa, Marekani ilitaka kisizidi siku moja kabla ya kuondoka. Siku hiyo ilihesabiwa kutoka ndege ya kwanza endapo tu safari nzima ilikuwa buking moja na hapakuwa na kituo cha kusubiri kinachozidi saa 24. Mwenye tiketi mbili kama wewe alihesabiwa kutoka ndege ya pili. Kama bado unaweza kubadilisha, nunua tiketi moja, hata kwa kuongeza pesa.

Ilifaa kuchapisha cheti cha kipimo, jina lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Wa kaunta hawana huruma. Shirika hutozwa faini likimbeba asiyeruhusiwa.

Suala la viza waulize ubalozini. Na wakati ule, kwa aliyeugua korona ndani ya siku 90 zilizotangulia, majibu yale ya kuugua pamoja na barua ya daktari ya kuruhusu usafiri vilikubaliwa badala ya kipimo kipya.